Waliosoma Pamoja

Ninalo daftari kubwa la jalada gumu ambalo nimelitunza tangu mwaka 1974. Humo yameandikwa majina ya wanachuo thelathini na sita tuliomaliza pamoja stashahada ya ualimu mwishoni mwa mwaka 1973. Mbele ya kila jina kuna nafasi ya kuandika kituo cha kazi, ndoa, watoto, uhamisho, mwaka wa kustaafu na, kwa wengi sasa, tarehe ya mazishi. Mimi ndiye katibu. Sikuchaguliwa, nilikuwa na mwandiko mzuri, na kazi ikanibakia. Kati ya majina hayo liko moja, la ishirini na tatu, lililopigwa mstari kwa rula na wino mwekundu. Mstari huo niliupiga mimi mwenyewe.

Nitaueleza. Lakini kwanza namwomba msomaji aniruhusu nimpeleke mbali kidogo, kwa kuwa ubaya wa mstari ule sikuutambua nikiwa na daftari mkononi. Niliutambua nilipokuwa nikisoma habari za watu wa nchi nyingine, waliosoma chuo kisichofanana na chetu hata kidogo.

Ukingoni mwa mto Hudson, katika jimbo la New York, kipo chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa mwaka 1802. Katika miaka ya 1840 kilikuwa kidogo kuliko shule nyingi za sekondari nilizofanyia kazi. Darasa la mwaka 1843 lilimaliza likiwa na vijana 39, na aliyeshika nafasi ya 21 aliitwa Ulysses Grant, ambaye baadaye alikuwa jemadari mkuu na kisha Rais wa Marekani kuanzia mwaka 1869 hadi 1877. Mwaka mmoja mbele yake alikuwapo James Longstreet, aliyemaliza akiwa wa 54 kati ya 56. Mwaka mmoja nyuma yake alikuwapo Simon Buckner, kijana wa Kentucky. Mimi niliyebandika matokeo ukutani kwa zaidi ya miaka thelathini, kila nikisoma nafasi hizo hutabasamu.

Chuo kidogo kina tabia yake. Mtu hujua mwenzake anakoroma vipi, anatoka ukoo gani, na dada zake ni akina nani. Grant alikaa chumba kimoja na Frederick Dent, na alipopangiwa kazi karibu na St. Louis akawa anakwenda kuwasalimu wazazi wa mwenzake. Huko ndiko alikomwona Julia, dada yake Dent. Walioana tarehe 22 Agosti 1848, baada ya vita vya Mexico, na Longstreet, ambaye kwa upande wa mama alikuwa na udugu na akina Dent, alihudhuria. Wazazi wa bwana harusi hawakuja. Akina Dent walikuwa wakimiliki watumwa, na baba yake Grant aliuchukia utumwa. Kwa hiyo katika harusi ile ya vijana wa chuo kimoja, mpasuko wa nchi nzima ulikuwa tayari umeketi ukumbini, kwenye viti vilivyobaki vitupu.

Mwaka 1854 Grant aliacha jeshi. Alikuwa amepangwa pwani ya magharibi, mbali na mke na watoto, na maneno yalienea kwamba alikuwa mlevi. Alipofika New York hakuwa na kitu. Alikaa hotelini, bili ikapanda, naye akashindwa kuilipa. Buckner alikuwa kazini jijini humo. Alikwenda hotelini akasimama kuwa mdhamini wa mwenzake, hadi fedha zilipofika kutoka kwa wazazi wake Grant kule Ohio. Ni jambo dogo. Hakuna aliyelipigia tarumbeta, na kama Grant angebaki muuza kuni wa St. Louis kama alivyokuwa miaka iliyofuata, tusingelijua kabisa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza mwaka 1861. Grant alikuwa upande wa Muungano. Longstreet na Buckner walikwenda upande wa Kusini, upande uliopigania utumwa uendelee. Mwezi Februari 1862 Grant aliizingira ngome ya Donelson, jimboni Tennessee. Majemadari wawili wa Kusini waliokuwa juu ya Buckner walitoroka usiku, wakamwachia yeye aibu ya kusalimu amri. Buckner alimwandikia Grant kuuliza masharti, pengine akiikumbuka ile bili. Jibu lilikuja kavu: hakuna masharti. Buckner alikasirika, akamjibu kwamba jambo hilo halikuwa la kiungwana. Askari zaidi ya elfu kumi na mbili wakawa mateka.

Baadhi ya wanafunzi wangu walikuwa wakisema hapa kwamba Grant alikosa shukrani. Niliwaambia wasubiri. Siku ile ile, kama Buckner mwenyewe alivyosimulia baadaye, Grant alimfuata pembeni kabla hajapelekwa kifungoni, akamwambia kuwa anaweza kuichukua pochi yake ikiwa ana haja ya fedha. Buckner hakuipokea. Basi fikiria, msomaji: jeshi zima amelikamata bila kulegeza hata neno moja, lakini mfuko wake ameufungua. Alijua lipi ni la nchi na lipi ni lake.

Vita vilipokwisha mwaka 1865, Longstreet alikuwapo Appomattox upande wa walioshindwa. Alisimulia kwamba Grant alimpokea kwa bashasha na kumwalika wacheze karata kama zamani. Mwaka 1869 Grant, sasa akiwa Rais, alimpa kazi ya forodha mjini New Orleans. Watu wa Kusini hawakumsamehe Longstreet kwa kuipokea kazi hiyo na kuunga mkono serikali ya Grant. Mwaka huo huo wahitimu wa West Point waliunda chama chao, wa Kaskazini na wa Kusini pamoja, wapate kukutana tena. Tayari kulikuwa na rejista kubwa iliyotungwa na George Cullum, mhitimu wa mwaka 1833, ambamo kila mhitimu alipewa namba. Namba ya Grant ni 1187. Hao waliokwenda Kusini, Cullum alikataa kuandika waliyoyafanya vitani. Aliweka kauli fupi kwamba walijiunga na uasi, basi. Kama katibu namwelewa. Mwenye kalamu ya rejista hujiona ana haki ya kuhukumu.

Alipotoka madarakani mwaka 1877, Grant alifunga safari ya kuizunguka dunia iliyochukua zaidi ya miaka miwili. Alifika Uingereza, Misri, India, China na Japani. Huko Cairo, mwanzoni mwa mwaka 1878, alipokewa na Charles Stone, aliyehitimu West Point mwaka 1845 na kwa hiyo aliyesoma naye miaka miwili. Stone alikuwa mkuu wa utumishi wa jeshi la Khedive wa Misri. Wakati wa vita, serikali yake mwenyewe ilikuwa imemfunga zaidi ya miezi sita bila kumsomea shitaka lolote, na hatimaye akaenda kutafuta riziki kwa wageni. (Hapa darasa langu liliamka, kwa sababu jeshi hilo la Khedive ndilo lililotuma meli mwaka 1875 zikaziteka Barawa na Kismayu, zilizokuwa chini ya Sultani Barghash wa Zanzibar, kabla Waingereza hawajailazimisha Misri kuondoka. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi: msidhani historia ya Marekani haipiti mlangoni kwenu.) Ninapenda kuwafikiria wazee wale wawili wakisimama Cairo, kila mmoja akimtazama mwenzake mvi zake.

Mwaka 1884 kampuni ya fedha ambayo Grant aliweka mali yake ilianguka kwa hila za mshirika wake, naye akafilisika mara ya pili katika maisha yake. Mwaka huo huo akapatikana na saratani ya koo. Aliandika kumbukumbu zake akiwa na maumivu ili mkewe asibaki na deni, na alizikamilisha siku chache tu kabla ya kufa. Kitabu hicho kilimpatia Julia mamia ya maelfu ya dola.

Mwezi Julai 1885 Grant alikuwa amelazwa katika nyumba ya mlimani, Mount McGregor, jimboni New York. Buckner, mjane wa miaka 62, alikuwa ameoa tena mwezi mmoja tu uliopita. Akiwa fungateni na mkewe mpya, aliyekuwa mdogo wake kwa zaidi ya miaka thelathini, alipanda mlima huo kwenda kumwona. Grant hakuweza tena kusema. Walizungumza Buckner akitumia sauti na Grant akiandika kwenye vipande vya karatasi. Chini ya wiki mbili baadaye, tarehe 23 Julai, Grant alifariki, na katika mazishi New York, Buckner alikuwa miongoni mwa waliosindikiza jeneza. Harusi na buriani katika safari moja: bwana harusi yule angeweza kwenda ufukweni, na hakuna ambaye angemlaumu.

Ningependa kuishia hapo, kama nilivyokuwa nikiishia darasani. Lakini haki hainiruhusu. Upatanisho wa maofisa hao ulikuwa upatanisho wa watu weupe, na waliolipa gharama yake walikuwa weusi waliokuwa wametoka utumwani, ambao haki zao ziliachwa zimomonyoke huku majemadari wakipeana mikono. Mwaka 1877 West Point ilimtoa mhitimu wake wa kwanza mweusi, Henry Flipper, aliyezaliwa utumwani mwaka 1856. Alimaliza akiwa wa 50 kati ya 76. Kwa miaka minne wenzake, kwa sehemu kubwa, hawakuzungumza naye ila kwa shughuli za kikazi. Mwaka 1881 alishitakiwa katika mahakama ya kijeshi kwa mambo ya fedha za kambi. Hakuonekana na hatia ya wizi, lakini alifukuzwa jeshini mwaka 1882 kwa kosa la mwenendo usiofaa kwa ofisa. Jeshi lilirekebisha kumbukumbu yake mwaka 1976, na Rais Clinton akamsamehe mwaka 1999. Flipper alikuwa amefariki tangu mwaka 1940. Alikuwa na namba katika rejista kama Grant, lakini hakuwa na Buckner.

Niliyasoma hayo ya Flipper nikiwa nimekwisha kustaafu, mwaka 2011 au 2012, nikalala usiku ule vibaya.

Jina la ishirini na tatu sitalitaja. Desemba 1975 nilikuwa nasafiri kwenda kuoa Njombe. Mshahara ulikuwa umechelewa, nami nikakwama Iringa bila nauli. Mwenzangu huyo alikuwa akifundisha hapo. Alinipa noti mbili za shilingi ishirini na koti lake jeusi, kwa sababu langu alisema linafaa kwendea bustanini. Katika picha ya harusi mikono ya koti imenifunika hadi vidoleni. Koti nililirudisha. Fedha nilisahau, naye hakunikumbusha.

Baadaye alipata matatizo. Kulikuwa na hesabu za shule ambazo hazikulingana, na pombe, na mke aliyerudi kwao. Akaachishwa kazi. Mwaka 1998 sisi tuliobaki tulianzisha mfuko wa kuzikana na kuozana, na mtu mmoja akasema mkutanoni kwamba asiyechangia asihesabiwe. Nikauliza kama kuna anayepinga. Wote walinyamaza, na mimi nikanyamaza nikiwa na rula mkononi. Sikusema neno juu ya koti.

Nilimtafuta kwa muda mrefu. Nilimpata Kilosa, ambako alikuwa na bustani ya nyanya na alikuwa ameacha pombe kwa miaka kumi. Mwaka uliofuata akaniletea kadi ya harusi ya binti yake. Nilikwenda. Nilikuwa na bahasha ambayo niliifikiria sana, kwa kuwa shilingi arobaini za mwaka 1975 hakuna hesabu ya kuzirudisha. Aliipokea bila kuifungua, akaitia mfukoni, akanishika mkono kunipeleka kwa wakwe zake.

“Huyu ni mwanachuo mwenzangu,” akawaambia. “Alioa na koti langu.”

Walicheka. Tulipokaa kula aliniuliza, “Mwalimu, lile daftari bado unalo?”

Nikamwambia ninalo.

“Binti yangu umwandike basi,” akasema, akanisogezea sahani ya nyama.

Niliporudi nyumbani nililifungua daftari. Wino mwekundu haufutiki. Nilijaribu kwa wembe, kama tulivyokuwa tukifanya zamani kwenye rejista za mahudhurio, karatasi ikataka kutoboka. Nikaandika jina lake upya pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, na chini yake jina la binti na tarehe ya harusi.