Dawa ya Moyo wa Mtoto

Msomaji kijana, mguu uvunjikapo kila mtu huona. Mtoto huchechemea, mama hushtuka, na jirani hutafuta gari la kumpeleka zahanati. Lakini moyo uvunjikapo, aghalabu hapana aonaye. Mtoto huja shuleni kama desturi, hukaa mahali pake, hufungua daftari na kuandika tarehe. Usiku huota ndoto ile ile. Mchana hushtuka mlango ukipigwa na upepo. Akiulizwa jambo hutazama tu. Hali hii ya mtu aliyepatwa na jambo zito kupita nguvu zake huitwa kiwewe. Dawa yake imetafutwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na katika kutafutwa huko yametendeka makosa ambayo yafaa tuyajue, maana yangali yanatendeka.

Mimi hufundisha Rombo, katika Kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro, upande wa Kenya. Ng'ambo ya mpaka, katika Tanzania, iko wilaya yenye jina hilo hilo. Maji ya mlima hutoka kwetu katika chemchemi, na maji hayo yamewakutanisha mfugaji wa Kimaasai na mkulima Mchaga, Mkamba na Mkikuyu. Watoto wao huketi dawati moja. Ukisafiri kuelekea Nairobi hadi Kitengela, utakuta darasa lenye mchanganyiko mkubwa zaidi, kwa kuwa wazazi wametoka pembe zote za Kenya kutafuta kazi. Mmoja ameona ng'ombe wa baba yake wakianguka mmoja mmoja katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023. Mwingine baba yake aliuawa na ndovu shambani. Mwingine amempoteza mama katika ajali ya barabarani. Je, dawa ya hao wote ni moja? Hilo ndilo swali letu.

Ulaya ililianza swali hili katika Vita Kuu vya Kwanza. Askari walirudi kutoka mahandakini wakitetemeka, wengine wamekuwa mabubu, hali miili yao haina jeraha. Mwaka 1915 daktari Mwingereza, Charles Myers, aliandika habari zao katika jarida la matibabu. Wengine walidhani kwamba mizinga imetikisa ubongo. Wengine walisema ni woga tu. Katika Vita vya Pili, London ilipopigwa mabomu, Anna Freud na Dorothy Burlingham walifungua makao ya kulea watoto, nao wakaona jambo la ajabu. Mtoto aliyekuwa karibu na mama yake aliweza kustahimili mabomu; mtoto aliyetengwa na mama yake aliumia hata mahali penye amani. Tangu hapo watu walianza kufahamu kwamba mtu wa karibu ni nusu ya dawa.

Wakati huo huo, hapa kwetu, lilikuwa likitendeka kosa la kwanza. Daktari J. C. Carothers alikuwa mkuu wa hospitali ya Mathari, Nairobi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake, ambamo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 1954 akaandika tena, safari hii juu ya Mau Mau, akawaeleza wapiganaji kama watu waliovurugika nafsi. Neno la ardhi, lililokuwa vinywani mwao wenyewe, halikupewa uzito uliolistahili. Katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari, 1952 hadi 1960, zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kutiwa katika vijiji vilivyolindwa, na watoto waliona nyumba zao zikiteketezwa. Nani angewauliza watoto wale waliota nini usiku? Tabibu akisha kuamua kwamba mgonjwa si mtu kamili kama yeye, hata mgonjwa akisema hasikiwi.

Kosa la pili ni kinyume cha lile la kwanza, nalo huvaa nguo ya wema. Mwaka 1980 madaktari wa Marekani, baada ya kuona mateso ya askari waliotoka Vietnam, waliuandika rasmi ugonjwa huu katika orodha yao ya magonjwa ya akili. Lilikuwa jambo jema. Walakini baadhi ya watu waliichukua orodha ile kama kipimo kimoja cha kushonea kanzu za ulimwengu mzima. Yule wa kwanza alisema Mwafrika hafanani na watu. Hawa wakasema watu wote wamefanana hata katika namna ya kulia. Wote wawili hawakuuliza.

Sasa tazama waliouliza. Kaskazini mwa Uganda, vita vya Joseph Kony vilivyoanza mwaka 1987 viliwanyakua watoto maelfu. Usiku wa tarehe 10 Oktoba 1996 walichukuliwa wasichana 139 katika shule moja ya Aboke. Sista Rachele Fassera aliwafuata waasi porini kwa miguu, akarudi na 109. 30 walibaki mikononi mwa waasi. Waliotoroka au kukombolewa baadaye walifika nyumbani wakiwa na aibu na hofu, maana wengine walikuwa wamelazimishwa kuua. Waacholi walikuwa na desturi yao: arudiye kutoka mbali hukanyaga yai bichi penye lango la nyumba, karibu na kijiti cha kufungulia ghala. Yai halina hatia. Ghala ni chakula. Maana yake ni kwamba umetakaswa, ingia, utakula nasi tena. Kwa mtoto aliyedhani kwamba hana kwao tena, lile lango lilikuwa neno kubwa.

Lakini desturi peke yake haikuwatosha wote. Watafiti walikwenda katika kambi mbili za waliokimbia vita, na kabla ya kutoa dawa yoyote wakawauliza Waacholi wenyewe: huzuni ya namna hii mnaiitaje, nayo huonekanaje? Ndipo wakawagawa vijana 314, wa miaka 14 hadi 17, katika mafungu matatu. Fungu moja lilikutana kwa mazungumzo ya kikundi, la pili lilipewa michezo na sanaa, la tatu likangoja zamu yake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2007. Mazungumzo ya kikundi yaliwapunguzia wasichana huzuni sana. Kwa wavulana nafuu haikuthibitika. Michezo, ambayo kila mtu angedhani ndiyo dawa ya watoto, haikuipunguza huzuni ile. Kambi ni zile zile na vita ni vile vile, lakini kilichomfaa dada hakikuthibitika kumfaa kaka.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Walichaguliwa watoto 640 waliofiwa na wazazi, wengine wa Bungoma nchini Kenya, wengine wa Moshi, ng'ambo ya mlima wetu. Walifundishwa watu wa kawaida, wasio madaktari, kuwaongoza watoto kwa vikao 12 vya kikundi pamoja na vikao vichache vya faragha: kuituliza hofu, kuisimulia habari ya msiba kidogo kidogo, na kumkumbuka marehemu bila kuvunjika. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika Bungoma, mjini na mashambani, watoto waliopata tiba hii walikuwa na nafuu kuliko wenzao hata baada ya mwaka mmoja. Katika Moshi, baada ya mwaka huo, waliopata tiba na wasioipata walikuwa wamepona kwa kiasi kinacholingana. Dawa moja, nchi mbili jirani, matokeo mawili. Katika Bungoma, walimu na wahudumu wa afya wa vijijini wameifanya kazi hii chini ya jina la Pamoja Tunaweza.

Nami sina budi kukuungamia kosa langu. Nilipotoka chuo cha ualimu nilikuwa nimesikia kwamba mtoto aliyefiwa yafaa aseme yaliyo moyoni. Nikamwita mvulana wa Kimaasai aliyefiwa na baba yake, nikamtaka alitaje jina la marehemu na kunieleza siku ile ilivyokuwa. Alitazama chini, akatoka, na kwa siku tisa hakuonekana shuleni. Siku ya kumi akaja bibi yake. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu, kwa desturi yetu ya zamani jina la aliyekufa halitajwi ovyo. Wewe ulimtaka mtoto amwite baba yake." Niliona haya. Nikamwuliza, "Nifanyeje, koko?" Akasema, "Mwulize habari za ng'ombe."

Nilimwuliza habari za ng'ombe. Akanieleza juu ya dume mmoja mwenye paji jeupe ambaye baba yake alimpenda kupita wote. Jinsi alivyomwita, jinsi walivyompeleka majini wakati wa kiangazi. Juma baada ya juma, kwa njia ya dume yule, habari yote ilitoka. Siku moja asubuhi alinijia na kuinamisha kichwa nikiguse, kama watoto wa Kimaasai wawaamkiavyo wakubwa wao, nami nikajua kwamba amenisamehe. Katika darasa lile lile alikuwamo msichana wa Kichaga ambaye mama yake amezikwa nyumbani, katika migomba. Huyo alilitaja jina la mama yake kila siku, na kumnyamazisha kungekuwa ndiko kumwumiza.

Usije ukadhani, msomaji, kwamba kila desturi ni dawa. Msichana aliyekimbia kukeketwa, jambo ambalo sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imelikataza, hawezi kurudishwa kwa wale wale waliomnolea kisu ili wamponye. Huyo huhitaji kwanza mahali pa salama, kama ile shule ya wasichana ya AIC mjini Kajiado, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuwa kimbilio la wengi. Kadhalika mtoto asiyelala wala kula, au anayenena habari za kujiua, apelekwe hospitali bila kukawia.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwa homa ni kweli. Kwa moyo, historia yatufundisha vingine: mgonjwa huyu aulizwe, na bibi yake aulizwe, kabla hatujapika chochote. Huenda kesho wewe ukawa mwalimu, au muuguzi, au jirani tu. Mwenzako wa dawati akinyamaza kimya kisicho chake, usimlazimishe kusema, wala usimwache peke yake. Keti karibu naye. Ukimwuliza, mwulize habari za kitu akipendacho, kisha ungoje.