Kucheza Ngoma, Kucheza Simu: Vyama vya Beni na Mtu Anayetafuta Wenzake



Kitenzi «kucheza» kina eneo pana. Mswahili hucheza mpira, hucheza bao, hucheza karata, na hucheza ngoma vilevile. Lugha haikuona haja ya kumtenga mcheza ngoma na mcheza bao, nami nadhani haikukosea. Kwa hiyo ukimsikia kijana wa Malukhu, hapa Mbale, akisema kwamba jana usiku alicheza na watu wa Mombasa na Kigoma, usishangae. Alikuwa ameketi kitandani na simu yake, ndani ya mchezo kama PUBG Mobile au Free Fire, ambamo watu wanne wasioonana hufanya kikosi kimoja.

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu michezo hiyo halihusu ushindi. Ni hili: mtu aliyeingia peke yake, asiye hodari wa kulenga shabaha, atapataje watu wake na nafasi yake miongoni mwao? Swali hili lina umri mkubwa kuliko simu. Lilipata kuulizwa na maelfu ya watu katika miji ya Afrika Mashariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na jibu lao liliitwa beni.

Beni ilianza katika miaka ya 1890 kwenye pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa. Jina lake limetoka katika neno la Kiingereza lililotupa pia «bendi». Wachezaji waliiga bendi za kijeshi: walivaa sare, walipiga gwaride, walipuliza tarumbeta, na walipanga safu kama askari. Lakini beni haikuwa onyesho la watu wachache mbele ya watazamaji. Ilikuwa mashindano ya vyama vyenye wanachama wengi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Skochi, na hao wa pili waliiga mavazi ya askari wa Scotland. Tanga na Dar es Salaam vilivuma vyama viwili, Marini na Arinoti. Marini waliwavuta zaidi waliosoma na wenye kazi za ofisini. Arinoti waliwapokea wengi waliotoka bara kutafuta vibarua, watu ambao mji uliwatazama kwa jicho la dharau.

Fikiria sasa hali ya mgeni wa namna hiyo. Ameshuka mjini bila shangazi wala mjomba. Hana shamba, hana mtu wa kumtaja kwa jina la babaye. Akiugua hajui ni nani atakayempelekea uji. Akifa hajui ni nani atakayemchimbia kaburi. Chama cha beni kilimpa vyote hivyo pamoja na sare. Wanachama walichangiana katika ugonjwa na msiba. Tena, kwa kuwa vyama vyenye majina yaleyale vilikuwapo katika miji mingi, karani wa Marini aliyehamishwa kutoka Tanga aliweza kufika mji mwingine na kuwakuta Marini wenzake wakimngoja. Vita Kuu ya Kwanza ilivieneza zaidi, kwa sababu askari na wapagazi walichukuliwa kutoka kila upande na kuchanganywa. (Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya jeshi la wapagazi hao, ni neno la Kiingereza lililovikwa kanzu ya Kiswahili.) Vita vilipokwisha, waliorudi makwao walirudi na beni, hadi Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Kongo.

Jambo ninalotaka ulitazame kwa makini ni vyeo. Ndani ya chama kulikuwa na kingi, kanali, kapteni, daktari, na wengine wengi. Serikali ya kikoloni haikumruhusu Mwafrika kuwa kanali wa kitu chochote. Chama kilimruhusu kila Jumamosi. Wapo Wazungu waliocheka na kusema kwamba hawa ni watu wanaoiga wasichokielewa. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii ya Afrika Mashariki, alikataa maelezo hayo mepesi, nami niko upande wake. Mtu aliyejua kupanga gwaride la watu wengi, kukusanya michango yao na kusuluhisha ugomvi wao alielewa vema alichokuwa akikifanya.

Na si kila cheo kilikuwa cha mcheza hodari. Mwaka 1951 huko Luanshya, kwenye migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliichunguza ngoma iitwayo kalela, ambayo ni mtoto wa beni. Katika kundi alilolitazama kulikuwa na «daktari» aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu, naye kazi yake ilikuwa kuwatia moyo wachezaji. Kulikuwa pia na «muuguzi», mwanamke pekee katika kundi zima. Yeye alipita katikati ya wanaume waliokuwa wakicheza, ameshika kioo na leso, ili kila mmoja ajitazame na kufuta jasho abaki nadhifu. Hakuwa mcheza kama wengine, lakini hesabu ya kundi haikutimia bila yeye.

Mara nyingi mimi humfikiria mwanamke yule ninapomsikia kijana akilalamika kwamba hafai kwa sababu huuawa wa kwanza katika kila mchezo. Katika michezo niliyoitaja, mchezaji aliyeangushwa aweza kuinuliwa na mwenzake kabla hajatolewa. Yupo basi mtu ambaye sifa yake yote ni kurudi nyuma kumwinua aliyeanguka. Yupo mwingine anayekumbuka saa ya kukutana, na mwingine anayewatuliza wawili waliotukanana. Usiulize kwanza kikosi kinashinda mara ngapi. Uliza ni nani ndani yake anayeshika kioo, na kama nafasi hiyo huheshimiwa. Kisha uliza swali la pili, lililo gumu zaidi: ukitoweka siku tatu, kuna atakayekutafuta?

Sitaki kuipamba beni kupita kiasi. Mashindano yake yalikula fedha. Chama kimoja kikiandaa karamu, kingine kilijiona hakina budi kuandaa kubwa zaidi, na wapo waliobaki na madeni kwa ajili ya sare na sukari. Vyeo vingine vilipatikana kwa kulipa ada, si kwa utumishi. Kijana anayemaliza fedha za nauli kununua mavazi ya mhusika wake wa kwenye simu ana mababu wengi katika jambo hilo.

Watawala nao walishtuka, ila kwa sababu nyingine. Baada ya vita maofisa wa Kiingereza Tanganyika walivichunguza vyama hivi, wakihofu kwamba nyuma ya tarumbeta kuna njama. Wachimba shaba wa Rhodesia ya Kaskazini walipogoma mwaka 1935, na Waafrika sita kupigwa risasi wakafa Luanshya, tume ya uchunguzi iliulizia pia habari za ngoma ya mbeni. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi kabisa. Watu waliozoea kuitana na kutii ratiba moja kwa ajili ya ngoma wanaweza kuitana kwa ajili ya jambo jingine.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote naupata kwa wanawake wa Mombasa. Ngoma yao iliitwa lelemama, nayo ilikuwa na vyama vyake, na ushindani mkali, na vyeo vya kupanda ngazi kwa ngazi. Wazao wa watumwa na wazao wa waungwana walikutana ndani ya chama kimoja, jambo ambalo halikuwa rahisi kulipata barazani. Vyama viwili vilivyoshindana sana vilikuwa Banu Saada na Ibinaal Watan. Katika miaka ya 1950 wanawake waliotoka katika vyama hivyo waliunda jumuiya mbili mpya za wanawake Waislamu, zikihimiza elimu na mambo ya jamii. Ushindani wa zamani haukufa: jumuiya zilikuwa mbili kwa sababu ngoma zilikuwa mbili. Lakini mwaka 1958, wanawake Waarabu wa Mombasa walipotaka haki ya kupiga kura waliyokuwa wamenyimwa, ombi lao lilitiwa saini na mamia ya watu, na waliokwenda kuzikusanya saini hizo walijua tayari ni mlango upi wa kubisha.