Mbao za Kamiriithu: Umbo la Ukumbi kama Sehemu ya Tamthilia

Makala haya yanadai kwamba uhakiki wa tamthilia nchini Kenya umezoea kuchunguza maandishi na kuusahau ukumbi. Mfano hauko mbali. Atokaye Riruta akaishika Barabara ya Naivasha hadi Uthiru, kisha akapanda kuelekea Limuru, hufika Kamiriithu, palipokuwa na ukumbi wa wazi uliojengwa na wakulima na wafanyakazi mwaka 1977.

Wanakijiji wenyewe ndio waliousanifu. Kwanza walipanga njiti za kiberiti ardhini, kisha wakaunda kielelezo kidogo, ndipo wakajenga. Jukwaa lilikuwa la nusu duara, limeinuliwa, na nyuma yake ukuta wa mianzi ulioficha kijumba cha vyumba vitatu cha kuwekea vifaa na kubadilishia mavazi. Viti vya mbao ndefu vilipangwa kama ngazi, vikitosha watu zaidi ya 2,000. Paa halikuwapo. Waigizaji walipita baina ya jukwaa na hadhira bila kizuizi.

Umbo hilo halikuwa pambo. *Ngaahika Ndeenda*, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, ilifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977 baada ya mazoezi ya hadharani, ambamo wanakijiji waliisahihisha lugha na miondoko. Mtazamaji, basi, alikwisha kuwa mhakiki kabla ya onyesho la kwanza.

Tarehe 16 Novemba kibali cha maonyesho kilifutwa, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Hata hivyo, maandishi yenyewe yalichapishwa mwaka 1980 na kuuzwa madukani. Kilichobomolewa na polisi tarehe 12 Machi 1982 ni ukumbi.

Huenda ikasemwa kwamba dola ilichukizwa na maudhui tu. Lakini maudhui hayo hayo yalikuwa kitabuni. Tofauti ni kwamba kitabu humfikia ajuaye kusoma, mmoja mmoja. Ukumbi ule uliwakutanisha maelfu, wasiojua kusoma wakiwemo, pasipo mpaka kati ya msemaji na msikilizaji.

Kwa hiyo, mwanafunzi anayeisoma tafsiri ya Kiswahili, *Nitaolewa Nikipenda*, bila kuuliza hadhira iliketi wapi na ilimtazama nani, ameisoma nusu ya tamthilia. Nusu ya pili ilikuwa mbao na mianzi, na haina chapa ya pili.