Tongoni: Ukumbusho wa Kasongo na Kabambare ni wa Nani?

Katika Kiswahili cha zamani, tongo ni mahali palipokaliwa na watu, kisha pakaachwa. Kasongo ya kale, ile ya Tippu Tip, inaitwa mpaka leo Tongoni. Jina hilo latufundisha kwamba mji waweza kuanguka na majani yakaota penye nyumba, lakini watu hawasahau. Tuulize basi: ni ukumbusho wa nani ulioandikwa, na wa nani umebaki kinywani tu?

Wakubwa hawana shida ya kukumbukwa. Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, alikufa Unguja mwaka wa 1905, lakini mbele ya kufa aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Wazungu nao wana ukumbusho wao. Lippens na De Bruyne, askari wawili wa Ubelgiji, waliuawa Kasongo mwaka wa 1892, wakati Sefu, mtoto wa Tippu Tip, alipopigana na Serikali ya Leopold. Mji wa Blankenberge, kwao De Bruyne, uliwasimamishia sanamu. Dhanis aliteka Nyangwe mwezi wa tatu 1893, na Kasongo mwezi wa ine, akafanywa baroni.

Lakini wanawake wa soko la Nyangwe, sanamu yao iko wapi? Livingstone, aliyekuwa amelala mgonjwa miezi mingi huko Bambarre, ndiyo Kabambare, alifika Nyangwe mwaka wa 1871. Tarehe 15 ya mwezi wa saba aliona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakipiga bunduki katikati ya soko. Wale waliokuja na samaki, kuku na vyungu vyao walikimbilia mitumbwi, wengi wakazama katika Lualaba. Waarabu wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Basi hesabu tunayo, majina hatuna.

Kabambare nayo ilikuwa kituo katika njia ya Tanganyika. Pembe na watu walipita pale. Bula Matari aliiteka mwezi wa kwanza 1894. Mwaka wa 1898 askari walioasi wakaishika tena. Majeshi yalibadilika, lakini shamba lililowalisha lilikuwa la wanakijiji wale wale.

Tusidhani kwamba habari hii ni ya wabaya upande mmoja na wakombozi upande mwingine. Ngongo Lutete aliwinda watu kwa faida ya Tippu Tip. Mwaka wa 1892 akageuka rafiki wa Serikali. Mwezi wa tisa 1893 maofisa wa Serikali hiyo hiyo wakampiga risasi kule Ngandu. Tena, bangwana, maana yake watu huru, wengi wao waliingia Kasongo wakiwa mateka. Hapo walijifunza kuvaa kanzu, kulima mpunga na kusali sala za Islamu. Kwa jina lao lugha yetu iliitwa kingwana. Lugha tunayohubiri nayo Injili ilifika kwa misafara ile ile iliyoleta minyororo. Hata wakristu wa kwanza wa Kibanga na Mpala, kando ya Tanganyika, wengi walikuwa watoto waliokombolewa na Mapadri kwa mali. Nani basi atamnyoshea jirani yake kidole?

Ndiyo sababu wazee wengi hunyamaza. Neno mtumwa lingali tusi, na mzee asiyetaka kusema bibi yake alitoka wapi hakusahau. Anawalinda wajukuu wake. Anayetaka kujua aanze polepole: jina la kijiji lilitoka wapi, kivuko cha zamani kilikuwa wapi, kwa nini mtoto huyu alipewa jina hili. Lile la aibu asiliandike bila ruhusa ya jamaa. Wala asiwaulize wakristu peke yao, maana nusu ya habari iko kwa jirani mwislamu, na bila yeye itapotea.

Stefano Kaoze aliyepata upadri tarehe 21 ya mwezi wa saba 1917, alikuwa angali mseminari alipochapisha maandiko juu ya mawazo ya watu wake. Hakungoja mgeni amwandikie. Wakatekista ndio wanaoingia katika kila nyumba, kwenye ndoa na kwenye kilio, nao husikia mengi kuliko padri. Kila parokia ya Kasongo na Kabambare iwe na daftari moja, na mtu mmoja mwaminifu wa kuitunza. Mwezi wa kumi na moja tunawaombea marehemu wote, hata wasio na jina. Tukiweza kuwarudishia majina wachache tu kati yao, hiyo nayo ni haki tunayowadai wenyewe mbele ya Mungu.