Mtakatifu Aliyeogopa Moto

Wacha niseme mapema: filamu nyingi za watakatifu zinaboesha. Unazijua. Mtu anaangalia juu, mwanga unamshukia usoni, kinanda kinaanza, na wewe umekaa hapo ukijua kabisa huyu hata akichomwa hatalia. Sasa mtu kama huyo nitamwiga aje? Namheshimu, ndio, lakini vile unaheshimu sanamu. Ukitoka hapo unaendelea na maisha yako.

Leo nataka tumwangalie mmoja ambaye watu wa sinema wameshindwa kumwacha. Yoana wa Arc, yule Wafaransa humwita Jeanne d'Arc. Georges Méliès alimtengenezea filamu mwaka wa 1900, sinema yenyewe ikiwa mtoto mchanga, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa na Yoana wake. Na kila kizazi kimegonga mwamba ule ule.

Historia kwanza, ndio twende pamoja. Yoana alizaliwa karibu mwaka wa 1412 katika kijiji cha Domrémy, binti wa mkulima. Kusoma hakujua. Ufaransa na Uingereza zilikuwa zimepigana kwa miongo mingi. Akiwa na miaka 13 hivi alianza kusikia sauti, ambazo baadaye alisema ni za Mikaeli, Katarina na Margareta. Mei 1429 alikuwa na jeshi lililovunja mzingiro wa Orléans. Julai 17 mwaka huo huo Charles VII akatawazwa mfalme pale Reims, Yoana akiwa karibu naye na bendera yake. Mwaka uliofuata akakamatwa huko Compiègne, akauzwa kwa Waingereza kwa livre 10,000. Na mfalme aliyesaidiwa kupata taji? Hakumkomboa. Alimruka, vile tu tunasema mtaani.

Kesi ikafanyika Rouen mwaka wa 1431, mbele ya Askofu Pierre Cauchon na kundi kubwa la wasomi, wengine wakiwa wametoka Chuo Kikuu cha Paris. Wazee wenye shahada dhidi ya msichana wa miaka 19 hivi ambaye hajui kusoma. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo mnaweza kusema nina kinyongo na maprofesa. Sawa. Lakini hebu isikie kesi yenyewe. Februari 24 walimuuliza kama anajua yuko katika neema ya Mungu. Huo ni mtego. Akisema ndio, amejigamba kwa jambo ambalo Kanisa lilifundisha kwamba hakuna binadamu wa kulijua kwa hakika. Akisema hapana, amejihukumu mwenyewe. Yoana akajibu kwamba kama hayuko, Mungu amweke humo, na kama yuko, Mungu amhifadhi humo humo. Niambie nani angemshinda hapo.

Haya yote tunayajua kwa sababu makarani walikuwa wameketi pale wakiandika. Na ni hao hao makarani waliotuachia sehemu ambayo mimi naona ndiyo moyo wa maisha yake. Ni siku nne tu.

Mei 24, 1431, walimpeleka kwenye makaburi ya Saint-Ouen, mbele ya umati. Hukumu ilianza kusomwa. Aliambiwa akane au achomwe. Yoana akaogopa. Akakana, akaweka alama yake kwenye karatasi, na adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Mei 28 majaji walimkuta amevaa tena nguo za kiume. Walipomuuliza, alisema kwamba yale aliyoyakana aliyakana kwa kuogopa moto, na kwamba sauti zimemwambia alikosea kusaliti ili aokoe maisha yake. Pembeni mwa ukurasa karani akaandika maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya jibu la kifo. Mei 30 akachomwa pale Soko la Zamani, Rouen.

Soma hiyo tena polepole. Huyu msichana aliujua moto ni nini. Alikuwa ameshaponyoka. Halafu akarudi mwenyewe, akiwa bado anauogopa. Ukimwondolea huo woga, umebaki na nini? Mtu asiye na hisia anayetembea kuelekea kwenye kuni. Hilo halihitaji ujasiri wowote.

Sasa turudi kwenye skrini. Mwaka wa 1948 Victor Fleming alimpa Ingrid Bergman nafasi ya Yoana. Bergman alikuwa na miaka 33, na rangi za filamu ile zinang'aa hadi mavazi ya chuma yanapendeza. Ni nzuri kutazama, lakini mimi namwona staa wa Hollywood aliyetulia. Mtoto wa mkulima simwoni. Mwaka wa 1957 Otto Preminger akaenda upande mwingine kabisa: alitafuta msichana asiyejulikana, akampata Jean Seberg kutoka Iowa, wa miaka 18. Wakati wa kupiga picha ya kuchomwa mitambo ya moto ilileta shida, na Seberg akaungua kweli. Halafu filamu ilipotoka, wakosoaji nao wakamchoma tena.

Luc Besson, mwaka wa 1999, alikuja na Milla Jovovich na njia ya kisasa. Katika filamu yake, Yoana mdogo anashuhudia dada yake akiuawa na askari wa Uingereza, kitu ambacho kumbukumbu za kesi hazikitaji. Hapo unaona mkono wa mwongozaji: anataka tuseme, aah, kumbe ni jeraha la utotoni, ndio maana anasikia sauti. Zile za zamani zilimfanya sanamu, hii ikamfanya mgonjwa. Kwa njia zote mbili unaepuka kumsikiliza yeye mwenyewe akijibu.

Waliomsikiliza ni wawili. Robert Bresson, mwaka wa 1962, alichukua maneno ya kesi na kuyafanya mazungumzo ya filamu nzima, kavu, bila mapambo, saa moja na dakika chache tu. Na kabla yake kuna Carl Theodor Dreyer, mwaka wa 1928, filamu isiyo na sauti. Dreyer alikuwa Mdenmark, na wazalendo wa Ufaransa walilalamika: huyu si Mfaransa, si Mkatoliki, mtakatifu wetu anamhusu nini? Yeye akafungua kumbukumbu za kesi, akabana miezi ile yote ikaonekana kama siku moja, akaweka kamera karibu kabisa na uso wa Renée Falconetti. Vipodozi hakuna. Nywele zilinyolewa kweli. Baada ya kuweka alama, unamwona akinyolewa, nywele zake zinafagiwa sakafuni, na uso wake unaanza kubadilika. Anaomba majaji waitwe warudi. Huhitaji sauti kuelewa anachokifanya, na unaona wazi kwamba anaogopa.

Najua kuna mtu atasema kuonyesha woga wa mtakatifu ni kumshusha. Basi afikirie hivi: mwaka wa 1456 Kanisa lilibatilisha hukumu ile baada ya kusikiliza mashahidi zaidi ya 100. Mei 16, 1920, Papa Benedikto XV akamtangaza mtakatifu. Kumbukumbu za Mei 24 zilikuwepo wakati huo wote. Kanisa lenyewe lilijua aliogopa, na bado likamweka altareni. Sasa wewe mwenye kamera unamfichia nani?

Nauliza kwa sababu ipo siku mmoja wetu hapa atataka kutengeneza filamu ya Sista Irene Stefani, Nyaatha, yule Mkonsolata aliyefariki Gikondi mwaka wa 1930 baada ya kumuuguza mgonjwa wa tauni, na akatangazwa Mwenyeheri huko Nyeri mwaka wa 2015. Kishawishi kitakuwa kile kile: mwanga usoni, kinanda, tabasamu. Mimi ningependa mwongozaji huyo asimame kwanza mlangoni pa ile nyumba ya mgonjwa, aiache kamera hapo kidogo kabla hajaingia, na atuonyeshe mkono wa huyo sista kwenye mlango. Kama unatetemeka, aache utetemeke. Halafu aingie.