Njia za Miguu za Padhola na Busia: Urithi Usio na Ramani

Anayetoka Mulanda, katika Budama Magharibi, mashariki mwa Uganda, kwenda Tororo kwa miguu hahitaji kibao cha kumwelekeza. Mwamba wa Tororo, ambao kilele chake kiko mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, huonekana kutoka mbali, nao uliwaongoza wasafiri tangu kabla mji wenyewe haujakuwapo. Njia hukata mashamba ya ulezi, mtama na mihogo, hushuka kwenye kinamasi cha mafunjo, huvuka pale maji yanapokuwa haba, kisha hupanda hadi kijiji cha pili. Njia za namna hiyo ndizo zinazoiunganisha Mulanda na Nagongera, Kisoko na Iyolwa, na kusini zaidi nchi ya Wasamia na masoko ya Busia. Ni kumbukumbu za historia sawa na kaburi la mfalme au jengo la kale, na zinastahili kuhifadhiwa kwa uzito uleule.

Kwanza njia hizi ni za Wajopadhola, wenyeji wa Padhola. Mapokeo yao husimulia kwamba Adhola na nduguye Owiny walitoka kaskazini pamoja na Waluo wengine. Adhola akabaki hapa, Owiny akaendelea hadi Nyanza. Bethwell Ogot, mwanahistoria wa Kenya aliyekusanya mapokeo hayo na kuyachapisha mwaka 1967 katika kitabu chake kuhusu Waluo wa kusini, alionyesha kwamba makazi yao ya mwanzo yalikuwa katika ukanda wa msitu magharibi ya Padhola. Kuishi msituni kulimaanisha kufyeka, na mahali palipofyekwa ndipo palipopita watu.

Imani yao pia iliitambua safari. Walimwita Mungu Were, wakamjua kwa namna mbili: Were Madiodipo, aliyelinda boma na familia, na Were Othim, Mungu wa nyikani, aliyewaongoza watu safarini, mawindoni na vitani. Kila aliyevuka kizingiti alitoka katika ulinzi wa mmoja na kuingia katika ulinzi wa mwingine. Baadaye ibada ya Bura, iliyokuwa na makao yake kwenye miamba ya Tewo na ambayo Majanga alikuja kuwa kiongozi wake mkuu, iliwaleta mahali pamoja watu wa koo ambazo hazikuwa na mtawala mmoja.

Biashara nayo ilipita humohumo. Wahunzi wa vilima vya Samia, kati ya Busia na Ziwa Viktoria, walisifika kwa chuma chao. Majembe yao yalibebwa hadi Busoga, kwa Waluhya na kwa majirani wengine, yakibadilishwa kwa mifugo na nafaka. Samaki walipanda kutoka ziwani, nafaka ikashuka kutoka bara. Mwenye jembe hakuwa na haja ya kujua lugha zote za njiani. Alihitaji kujua siku ya gulio na nyumba atakayolala.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilifika Kwa Sundu, mji uliokuja kuitwa Mumias, ikitafuta pembe za ndovu. Hapo Kiswahili kilipata makao na Uislamu ukashika mizizi. Wazungu walikuja nyuma ya misafara hiyo. Mpelelezi Joseph Thomson alifika Kwa Sundu mwaka 1883, akaenda hadi ufuo wa ziwa katika nchi ya Samia, kisha akarudi. Askofu James Hannington aliondoka hapohapo Oktoba 1885 na wapagazi wapatao 50, akielekea magharibi. Aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba mwaka huo, na mabaki yake yakarudishwa Mumias kwa njia ya nchi kavu kabla ya kuzikwa upya Namirembe. Mwaka 1890 ilianza kujengwa barabara ya mikokoteni ya ng'ombe, iliyojulikana baadaye kwa majina ya Mackinnon na Sclater, ambayo ilitoka Mombasa hadi Busia, mwendo wa kilomita zipatazo 970. Vitabu huwasifu waliotia saini amri. Waliotembea safari hizo zote wakiwa na mzigo kichwani hawatajwi majina.

Kisha ukaja mpaka. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda, uliokuwa umefika hadi Naivasha, ulihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, yaani Kenya ya leo. Amri ya mwaka 1926 ikauainisha mstari kwa mito: Sio upande wa ziwa, Malaba na Lwakhakha kuelekea Mlima Elgon. Mto ni rahisi kuuchora kwenye ramani, lakini kwa watu wa hapa ulikuwa mahali pa kuteka maji na kuvuka. Wasamia wakajikuta katika nchi mbili, Wateso vilevile. Kwenda kumposa binti wa kijiji cha ng'ambo kukawa safari ya kimataifa.

Pamba, iliyoingizwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ilizipa njia kazi mpya: mkulima aliyedaiwa kodi alibeba mavuno yake kichwani hadi kwenye kiwanda cha kuchambulia. Reli iliyotoka Nakuru ikapita Tororo, ikafika Jinja mwaka 1928 na Kampala mwaka 1931. Nagongera ikapata stesheni, na njia za vijijini zikageuka kuielekea.

Miaka ya 1970 ilionyesha nguvu ya njia hizi kuliko wakati wowote. Baridi kali ya Julai 1975 iliharibu mibuni ya Brazili, bei ya kahawa duniani ikapanda, lakini mkulima wa Uganda aliendelea kulipwa kidogo. Magunia ya kahawa yakaanza kuvuka usiku kwenda Kenya, na soko la Chepkube kwenye miteremko ya Elgon likavuma kwa magendo. Serikali ya Idi Amin iliweka wanajeshi mpakani. Wapo waliopoteza maisha kwenye vivuko ambavyo babu zao walivipita bila kuulizwa. Huko Busia, waendesha baiskeli waliowabeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka walianzisha kazi ya bodaboda, ambayo leo imeenea Afrika Mashariki nzima.

Waingereza waliotuchorea mpaka huu walikuwa na mgogoro wao wa njia kwao. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda mlima wa Kinder Scout, ardhi iliyofungwa na wenye mali. Watano wakafungwa jela. Mwaka 1949 ikapitishwa sheria iliyozitaka halmashauri za kaunti kuchora ramani rasmi za njia za miguu. Leo Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma, na mtu anaweza kutembea kutoka kijiji cha kale hadi mji wa gulio akijua kwamba hakuna awezaye kumzuia kwa haki.

Hapa kwetu sheria ipo. Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na Uganda ilipitisha yake ya makumbusho na kumbukumbu mwaka 2023. Lakini tunachohifadhi kwa kawaida ni maeneo mojamoja: mwamba, kaburi, ngome. Kinachoyaunganisha hakiandikwi. Wakati huohuo ardhi inapimwa na kugawanywa, vinamasi vinalimwa mpunga, na kila ua jipya linafunga njia ambayo haina hati wala mtetezi. Wazee wanaojua ni kivuko kipi kilielekea soko lipi wanapungua kila mwaka.

Kazi ya kuzihifadhi njia hizi haihitaji fedha nyingi. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ili malori yapite upesi; wilaya za Tororo na Busia za Uganda, pamoja na Kaunti ya Busia ya Kenya, zinaweza kushirikiana vivyo hivyo kwa ajili ya watembea kwa miguu. Shule ziwatume wanafunzi watembee na wazee, waandike majina ya vivuko, miti ya mikutano na magulio yaliyokufa. Tieng Adhola, taasisi ya utamaduni ya Wajopadhola, na makumbusho ya nchi hizi mbili ziiweke kazi hiyo kwenye ramani yenye nguvu ya sheria, na zianze sasa, wakati wanaozijua njia hizo bado wana miguu ya kutuonyesha.