Dawa ya Sukari na Mafuta Kwenye Ini

Je, jirani akiambiwa ini lake lina mafuta, utamgawia tembe zako za sukari? Ngoja kwanza usikie historia ya tembe hizo.

Mwaka 1957, daktari Mfaransa Jean Sterne alitangaza kwamba metformin hupunguza sukari kwenye damu. Hadi leo ni dawa ya kutegemewa.

Mwaka 1980, huko Marekani, Jurgen Ludwig na wenzake walieleza ugonjwa wa ini lililojaa mafuta na kuvimba, kwa watu wasio walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi walikuwa na kisukari. Kwa kuwa metformin hufanya kazi ndani ya ini, wataalamu walitumaini itaondoa mafuta hayo. Vipimo vya kwanza vya damu vilitia moyo. Lakini vipande vya ini vilipotazamwa kwa darubini, uvimbe na makovu vilikuwa havijapungua.

Agosti 2025, Marekani iliidhinisha semaglutide, dawa nyingine iliyoanzia kwenye kisukari, kutibu ini lililovimba na kupata makovu. Hata hiyo huenda pamoja na lishe bora na mazoezi.

Basi mama, meza metformin yako kwa ajili ya sukari, wala usiiache. Jirani mpeleke kliniki. Kama ni mnene, kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzani humsaidia: mwenye kilo 80 apunguze kilo 6 hadi 8, polepole.

Kwaheri, tunza ini lako.